Sura ya Saba: Kidole cha Mama Mkwe

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Spase Mirčevski mwenyewe, na heri lisemwe mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwingine. Wajinga wengine walikuwepo, maana mji wa Lozenica haujawahi kupungukiwa nao, lakini Jumamosi ile wote walijiweka kando wakampisha apite.

Ijumaa alikuwa ametia sahihi ripoti yenye sentensi aliyoipenda kuliko koti lake la ngozi: "Kompyuta hii haina neno la siri, hufunguliwa kwa kidole cha mwenye mali tu, kwa hiyo aliyeifungua ni mwenye mali." Mwenye mali alikuwa Mwalimu Dafina Kalajdžieva, mjane, mwalimu mstaafu wa kemia, na mtunzi wa mtihani wa kuajiri wazima moto wa wilaya. Jumapili iliyotangulia, mchana kweupe, mtu aliifungua kompyuta hiyo sebuleni kwa Mwalimu na kuyatuma maswali yote kwenye anwani isiyo na jina. Kabla wiki haijafika katikati, maswali yalikuwa kwenye simu za nusu ya watahiniwa. Mtihani ukafutwa, Mwalimu akaamriwa asitoke nyumbani, na Jumatatu angepandishwa mbele ya hakimu. Mama wa watu, aliyemeza vumbi la chaki maisha yake yote bila kumwibia mtoto hata alama moja, alikuwa anakaribia kuitwa mwizi wa mitihani, na huenda kulala ndani.

Mwendesha mashtaka, Bi Nevena Dimkova, aliisoma ripoti ile akiwa amesimama, mkoba begani, kama mtu anayesoma bango la barabarani.

"Swali moja, Inspekta. Umeiona kwa macho yako mashine ya namna hii ikimkataa mtu mwingine, au umesimuliwa?"

"Fundi ameandika kwamba siku ile ilifunguliwa kwa kidole."

"Kidole cha nani?"

"Si... cha mwenyewe. Ndivyo zilivyotengenezwa."

"Sijakuuliza zilivyotengenezwa. Nimekuuliza umeona nini."

Spase akakohoa. Akasema nyumbani anayo kompyuta ya namna hiyohiyo, kwamba mwisho wa wiki ataiondolea neno la siri na kuiwekea kidole, aone mwenyewe, na Jumatatu asubuhi ataleta jibu. Bi Nevena akamwambia asisahau kuleta na akili. Akaondoka.

Jumamosi, sasa, ilikuwa zamu ya nyumba ya Spase kuchoma hoho.

Kuanzia alfajiri jiko la bati lilikuwa linaunguruma uani, hoho nyekundu zinapasuka ngozi, na yeye na mkewe Zagorka wameinamia beseni wakizimenya zingali moto, maana zikipoa ngozi hung'ang'ania kama mdai. Glavu hazivaliwi. Aliyewahi kuvaa glavu mtaani kwao bado anasemwa. Mama mkwe wake, Ristana, hamenyi siku hizi. Hukaa juu ya kigoda kando ya sufuria kubwa, anakoroga ajvar, rojo la hoho la kuliwa kwa mkate, kwa mwiko mrefu kama kasia na kumkosoa kila anayepita.

Mchana Spase akanawa mikono, akaingia ndani, akafungua kompyuta.

"Unakimbia hoho?" Zagorka akauliza kutoka mlangoni.

"Ni kazi ya serikali hii."

"Serikali imekutuma ukae kwenye kochi langu na suruali ya masizi?"

Spase alikuwa ameshaingia kwenye mipangilio na kupata ukurasa wa njia za kuingia. Palikuwa na picha ya kidole na maneno matamu: sahau maneno ya siri, ingia kwa mguso mmoja. Akabonyeza. Mashine ikamwambia aandike kwanza neno lake la siri.

"Nimekuja kuliondoa!" Spase akaiambia. "Nikitaka kuliondoa unanidai hilohilo?"

"Kama ofisi yenu tu," Zagorka akasema, akivuta kiti. "Mtu akija kuripoti kitambulisho kimepotea, mnamwambia aonyeshe kitambulisho."

Neno lenyewe alikuwa amelisahau. Akajaribu jina la mbwa. Akajaribu jina la mbwa aliyekufa. Akajaribu jina la timu, kwanza kwa herufi ndogo, kisha kwa hasira. Mashine ikachoka naye, ikatuma tarakimu za kumthibitisha kwenye simu, na simu yenyewe ilikuwa ya Zagorka, ambaye alizisoma polepole kama anayemlisha mtoto uji.

Mashine ikakubali. Ikamtaka sasa atunge namba ya siri.

"Siri nyingine? Zagorka, soma hapa. Nimekuja kupunguza siri, inaniongezea!"

Zagorka akasoma. "Inasema namba hii inafanya kazi kwenye kompyuta hii tu. Siku kidole kikikataa, unaingia kwa namba. Mbona iko wazi?"

"Kidole kitakataaje? Kidole si changu?"

Akaandika mwaka wake wa kuzaliwa mara mbili mfululizo. Mashine ikasema namba hiyo ni rahisi mno kukisiwa. Zagorka akacheka mpaka akashika ukuta. "Hata yeye ameshakuona mvi!" Spase akatunga nyingine, akaificha kwa kiganja ili mkewe asione, na mkewe akaitaja kwa sauti, maana ilikuwa namba ya gari lao.

Hatimaye ikaja sehemu ya kidole. Kwenye kona ya kibodi palikuwa na kijimraba cheusi, na kwenye kioo mchoro wa kidole chenye mistari ya kijivu iliyotakiwa kujaa rangi. Gusa, ikasema. Akagusa. Inua. Akainua. Gusa tena. Akagusa. Mistari ikabaki kijivu. Hakijasomeka, ikasema. Safisha kidole ujaribu tena.

Akakisafisha kwa suruali. Hakijasomeka. Akakinawa kwa sabuni, akakisugua kwa siki, na Zagorka alipogeuka akakichovya kwenye rakija, pombe kali ya matunda.

"Spase! Hiyo ni ya kunywa!" Ristana akapiga kelele kutoka uani. Kuta za nyumba ile hazikuwahi kumzuia kuona.

Hakijasomeka. Akajaribu kidole cha kati, dole gumba, cha mkono wa kushoto, vyote kumi, akarudi cha kwanza. Akabonyeza kwa nguvu. Akagusa kwa upole, kama anayemwamsha mgonjwa. Akaiambia mashine maneno ambayo Zagorka alimwonya kwamba yanaweza kurekodiwa.

"Lete mimi, wewe una mkosi," Zagorka akasema. Akaweka chake. Hakijasomeka. Akaweka kingine. Hakijasomeka. "Imekufa hii. Si nilikwambia tununue ile ya jirani?"

Ndipo Ristana alipoingia, mwiko mkononi, ajvar ikidondoka sakafuni.

"Sufuria inaungua na nyinyi wawili mnakuna kioo! Mnakitafutia nini hicho kidude?"

"Mama, tafadhali, usiguse."

"Nisiguse? Nyumba hii nani aliijenga?" Akaegemeza mwiko kwenye kochi, akakibonyeza kile kijimraba kwa kidole cha shahada kama anayebonyeza kengele ya mlango wa adui. Akainua, akabonyeza, akainua. Mistari ikaanza kujaa rangi. "Kumbe. Inataka adabu tu."

Rangi ikafika ukingoni. Mashine ikatoa mlio mdogo wa furaha na kuandika: Imekamilika. Spase akakifunga kioo, akakifungua tena, akamshika mama mkwe mkono na kumgusisha.

"Karibu, Spase," mashine ikaandika.

"Nani Spase?" Ristana akauliza. "Mimi?"

"Ndiyo, mama," Zagorka akasema, machozi yakimtoka kwa kicheko. "Kuanzia leo wewe ndiye inspekta."

"Basi mtu huyu akamenye hoho."

Spase hakucheka. Alikuwa ameigeuza mikono yake juu chini na kuitazama. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, laini, zimeiva kama hoho zenyewe. Mistari ile ambayo polisi wote duniani huipaka wino na kuiweka kwenye mafaili ilikuwa imebabuka na kubaki kama uso wa sabuni. Akavitazama vya mkewe. Hivyohivyo. Akakitazama cha mama mkwe, ambacho kilikuwa kikavu, kimekunjamana, na mistari yake yote mahali pake.

"Zagorka. Jumapili iliyopita zamu ya hoho ilikuwa ya nani?"

"Mtaa wa juu. Mwalimu Dafina na wenzake."

"Una hakika?"

"Wewe ndiye uliyekwenda kumhoji siku tatu baadaye ukarudi na chupa ya ajvar kwapani! Tumeila kutwa ukisema mwaka huu Mwalimu ameipatia chumvi. Mtu ameila ripoti yake kwa mkate halafu anauliza."

Spase akavaa koti.

"Na hoho?" mkewe akauliza.

"Mwambie inspekta," akasema, akimwonyesha mama mkwe kwa kidevu, na akatoka kabla mwiko haujamfikia.

*

Mwalimu Dafina alimfungulia mlango kwa kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa mafuta, na nyuma yake, mezani, palikuwa na beseni la hoho zinazofuka moshi.

"Spase, mwanangu. Umekuja kunifunga au kunisaidia?"

"Mwalimu, umeamriwa usitoke."

"Sijatoka. Hoho zimekuja. Majirani wameniletea nimenye nikiwa kifungoni, hoho hazingoji hakimu. Kaa. Usishike kitu."

Akakaa. Darasani kwake, zamani, alikuwa akikaa nyuma kabisa, na hata sasa alichagua kiti cha mbali.

"Jumapili ile, Mwalimu, ulikuwa unamenya hoho?"

"Hapana, nilikuwa nacheza mpira." Akachomoa hoho nyingine, akaivua ngozi kwa mvuto mmoja. "Mwezi wa kumi, Jumapili, mwanamke wa Lozenica. Unadhani nilikuwa nafanya nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nilikuwa wapi, nikasema nyumbani. Ukaniuliza kompyuta ya nani, nikasema yangu. Ukaandika mbiombio kama mtu anayekimbilia basi. Ukaziruka chupa za ajvar zilizojaa ukumbini, na moja nikakupa mkononi. Nikajiambia, huyu ni mpelelezi, bila shaka ameziona."

Spase akasogeza kiti karibu. "Nipe vidole vyako."

Akavigeuza. Vilikuwa vyekundu, vinene, vinabambuka ngozi kuukuu juu ya mpya.

"Siku ile jioni uliifungua kompyuta?"

"Nilijaribu. Mjukuu wangu yuko Melbourne, kila Jumapili tunaonana kwenye kioo. Ile mashine ikanikataa, nikanawa, ikanikataa. Nikaandika namba ya siri. Mtoto akaniambia, bibi, una uso wa hasira. Nikamwambia ningekuwa na mwingine ungeuona."

Spase akatoa simu, akafungua maelezo ya fundi. Mstari wa mchana aliujua kwa moyo: kidole, kimekubaliwa. Ndio aliokuwa akiutafuta, na alipoupata alifunga ukurasa akaenda kunywa kahawa. Sasa akateremsha chini. Jioni: kidole kimekataliwa. Kimekataliwa. Kimekataliwa. Namba ya siri, imekubaliwa. Yote yalikuwa hapo tangu siku ya kwanza, kwa herufi kubwa za kutosha hata kwa kipofu wa jicho moja.

Akajikuna shingo. "Mchana, kabla maswali hayajatumwa, mlikuwa mmeshaanza kumenya?"

"Tangu asubuhi. Mchana vidole vilikuwa vinawaka moto."

"Na nyumbani palikuwa na nani?"

"Jirani Pavlina, jirani Stojmenka..."

"Pavlina!" Spase akasimama. "Mwanawe alikuwa kwenye orodha ya mtihani!"

"Keti. Pavlina alikuwa anamenya beseni moja na mimi. Kidole changu kimekataliwa, chake kitakubaliwaje? Fikiri, mtoto. Nilikupa mbili juu ya tano katika kemia, na leo sioni kwa nini nikuongeze."

Akaketi. Akafikiri, na kufikiri kulimuuma zaidi kwa sababu alikuwa anaangaliwa.

"Sawa. Nani hakumenya?"

Mwalimu akasimamisha mikono.

"Wote walimenya."

"Na jiko? Hoho zilijichoma zenyewe?"

"Kwenye jiko, uani, alikuwa Kum Vangel. Anageuza kwa koleo. Wanaume hupenda moto, kumenya wanasema kunawavunja heshima."

"Aliingia ndani?"

"Kuleta rakija. Alichelewa kidogo, tukamtania kwamba anaionja."

Spase akainama mbele. "Mwalimu, kompyuta hii nani alikuondolea neno la siri akakuwekea kidole?"

"Kum. Nilikuwa nimelibandika neno langu la siri kwenye friji, akanicheka, akasema kila anayekuja kuomba maziwa analisoma."

"Lakini mimi nilikuuliza!" Sauti ikampanda, akashindwa kuiteremsha. "Nilikuuliza kama kuna mtu wa nje aliyewahi kuigusa! Ukasema hakuna!"

"Hakuna. Kum ni msimamizi wa ndoa yangu na baba wa ubatizo wa mwanangu. Tangu lini kum akawa mtu wa nje? Mtu wa nje ni wewe, na bado nimekupa chupa."

Lozenica nzima ingejibu hivyohivyo, na Spase alilijua hilo. Hata yeye, angeulizwa, asingemtaja kum wake. Ndiyo maana ilimkera zaidi.

"Nieleze alivyofanya. Hatua moja moja."

"Alikaa pale. Akaandika namba. Akasema, nitakuonyesha kwanza inavyofanywa, akaweka kidole chake, akagusa, akainua, mpaka ikatoa mlio. Halafu akabonyeza panaposema ongeza kidole kingine, akaniita, nikaweka changu."

"Na chake akakifuta?"

"Nilijua kinafutwa? Mimi ni mtu wa asidi na besi."

"Mashine yenyewe haionyeshi vidole vya nani vimo," Spase akasema, nusu akijisemea. "Inasema tu vimo. Yangu sasa hivi inaamini mama mkwe ni mimi."

"Pole yake."

"Kum Vangel ana mtu kwenye ule mtihani?"

Mwalimu Dafina akaichukua hoho, akaiweka chini bila kuimenya. "Mkwe wake. Sašo. Alianguka mwaka jana." Akafuta mikono kwa aproni, polepole, kidole kwa kidole. "Spase, kama umekosea tena, safari hii unanitenganisha na mtu wa karibu kuliko ndugu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

"Hukuwahi kunielewa. Lakini nenda."

*

Jumatatu, kabla ya saa ya hakimu, kompyuta ya Mwalimu Dafina ilikuwa juu ya meza ya Bi Nevena Dimkova. Ripoti ya Spase ilikuwa pembeni, imewekewa kikombe cha kahawa juu.

"Kwa hiyo," Bi Nevena akasema, "hii sentensi yako nzuri..."

"Naiondoa."

"Usiiondoe, nitawashia jiko la hoho. Endelea."

Mwalimu Dafina akaweka kidole. Kikakataliwa. Akaweka tena, kikakataliwa. Bi Nevena akaweka chake, ambacho hakijamenya hoho tangu ahamie kutoka mji mkuu, na mashine ikamkataa vilevile. Spase akaweka chake na mashine ikamkataa yeye pia, jambo ambalo sasa alikuwa amelizoea.

"Mwite shahidi," Bi Nevena akasema.

Kum Vangel aliingia amevaa koti la harusi, amenyolewa, ananukia manukato. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kujaza chumba, na alianza kuijaza kabla hajakaa.

"Kum wangu!" akamwambia Mwalimu, maana jina hilo huitana pande zote mbili, akimbusu mashavu. "Wanakutesa bado? Bi Mwendesha Mashtaka, huyu mama ni malaika. Mtamfungaje malaika?"

"Ndiyo maana tumekuita," Spase akasema. "Kompyuta hii umewahi kuitumia?"

"Mimi? Hata sijui inavyowashwa."

"Hukumsaidia kuiwekea kidole?"

Vangel akamtupia Mwalimu jicho. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani.

"Aa, hiyo! Nilimwonyesha tu. Kwa maneno. Sijagusa."

"Kwa maneno."

"Kwa maneno, ndugu yangu. Nilisimama pale mbali."

"Jumapili ile ulimenya hoho?"

"Nilimenya mpaka mikono ikaungua! Muulize kum."

"Tuone mikono."

Vangel akaitoa, kisha akaonekana kujutia kuitoa. Kwenye vifundo palikuwa na alama ya moto wa koleo. Ncha za vidole zilikuwa nzima, mistari imepangika vizuri kama shamba lililolimwa jana.

"Weka kidole hapa," Spase akasema.

"Cha nini? Kompyuta si yangu."

"Basi itakukataa, kama ilivyotukataa sisi watatu. Utaenda nyumbani."

"Una haki ya kukataa," Bi Nevena akaongeza, akichungulia saa yake. "Nitaomba amri ya hakimu, yuko ghorofa ya juu. Wewe utangojea hapa na Inspekta. Nakuhurumia, ana hadithi ndefu ya mama mkwe."

Vangel akacheka peke yake. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaweka kidole kidogo. Kikakataliwa. "Mnaona?"

"Unashika koleo kwa mkono gani?" Spase akauliza.

Vangel akaurudisha mkono mfukoni.

"Kum," Mwalimu Dafina akasema, bado akitazama nje. "Weka kile ulichoweka siku ile mezani kwangu. Nilikuwepo."

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilichukua muda mrefu kufika. Kiligusa kidogo tu, karibu kwa ukucha, lakini mashine haikuwa na kinyongo.

"Karibu, Dafina," ikaandika, na picha ya mjukuu wa Melbourne ikatokea kwenye kioo, akitabasamu.

Bi Nevena akakitoa kikombe juu ya ripoti, akachukua karatasi nyeupe. "Tuanze upya. Jina?"

"Ngoja, ngoja, watu wangu!" Vangel akasimama. "Hiyo ni ya majaribio! Kila anayeweka hizi mashine hujaribu kwa chake kwanza! Nilisahau kukifuta, basi! Kusahau ni kosa la jinai?"

"Dakika hii umesema ulisimama mbali," Spase akasema.

"Nilisimama mbali, nikasogea!"

"Na Jumapili ulipokwenda kuleta rakija?"

"Nilitazama saa kwenye kompyuta!"

"Ukutani kwa Mwalimu kuna saa kubwa kama beseni. Sašo anasemaje? Yuko chumba cha pili, anaandika maelezo yake, na kalamu inakwenda yenyewe."

Vangel akakaa. Akasimama tena. Jasho lilikuwa limeanza kuyashinda manukato. Akawageuzia mgongo Spase na Bi Nevena, akamwinamia Mwalimu Dafina na kumshika mikono yake iliyobabuka.

"Kum. Nisikilize mimi, usisikilize hawa. Kijana alikuwa anaangamia, binti yangu analia kila siku. Nilijua wewe hawatakugusa, mwalimu wa watu wote! Ningekuja kusema, haki ya Mungu, kabla ya hukumu ningekuja. Mimi ni kum wako! Nani alimshika mwanao siku ya ubatizo? Padri aliniuliza mara tatu mbele ya kanisa zima kama namkana Shetani, na mara tatu nikamkana kwa niaba ya mtoto wako, nikatema mate! Mtu kama huyo ndiye wa kumfanya mwizi?"

Mwalimu Dafina akaitoa mikono yake taratibu, maana ilimuuma.

"Kwa Shetani ndiko uanzie kuomba radhi, Vangel," akasema. "Yeye ndiye uliyemsingizia kwanza kwamba hamjuani."